Nyayo za Laetoli

Mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe haanzi kwa kupiga kelele. Huinama akatazama chini. Alama moja ya kwato katika vumbi humwambia mambo mengi kuliko mashahidi watatu: kama ni ng'ombe au ni nyati, kama ni mkubwa au ni ndama, kama alikwenda taratibu akila majani au alikuwa akikimbizwa. Akiona kingo za alama zingali kali, na udongo ulio ndani yake una unyevu, hujua ya kuwa mnyama hayuko mbali. Akiona matone ya umande yameitoboa, au siafu wamepita juu yake wakaacha njia yao, hujua kwamba mnyama alipita tangu jana. Elimu hiyo mtoto huipata kwa kufuatana na baba yake malishoni, na mtu asiyeijua huonekana mjinga huko, hata akiwa amemaliza madarasa yote.

Kwa kawaida nyayo hazidumu. Upepo wa adhuhuri huzifuta, mvua huziosha, na kundi likipita juu yake huvurugika kabisa. Katika nyayo zote zinazokanyagwa leo katika Afrika ya Mashariki, pengine hapana hata moja itakayoonekana mwaka ujao. Kwa hiyo ni ajabu kubwa kwamba kaskazini ya Tanzania pana mahali ambapo nyayo za wanyama zimekaa katika jiwe kwa muda wa miaka 3,660,000 hivi, nazo zingali zikisomeka. Hesabu hiyo ni vigumu kuiweka akilini. Mtu akihesabu mwaka mmoja kwa kila sekunde, mchana na usiku, bila kulala wala kula, itampasa kuendelea zaidi ya siku 42 kabla ya kuufikia mwaka ambao wanyama hao walipita.

Mahali hapo paitwa Laetoli. Pako kusini ya bonde la Olduvai, katika nchi ya Ngorongoro wanamokaa Wamaasai, na jina lake lasemwa kuwa ni la ua jekundu linaloota huko. Mwaka 1935 Louis Leakey na Mary, aliyekuja kuwa mkewe, walifika hapo mara ya kwanza, baada ya mtu mmoja kuwapasha habari kwamba huko iko mifupa iliyogeuka mawe. Waliokota mifupa kadha wa kadha, kisha wakaenda zao, maana bonde la Olduvai liliwashughulisha zaidi. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1974 Mary Leakey, ambaye siku hizo alikuwa mjane, alirudi Laetoli na watenda kazi wake ili apachimbe kwa utaratibu.

Nyayo zenyewe zilipatikana kwa mchezo. Siku moja katika mwaka 1976 wageni wachache waliofika kumtazama Mary Leakey walikuwa wakirudi kambini jioni, nao, ingawa walikuwa watu wazima wenye elimu kubwa, wakaanza kurushiana mavi makavu ya ndovu kama watoto. Mmoja wao, Andrew Hill, alijitupa chini ili asipigwe. Uso wake ulipokaribia ardhi, aliona katika mwamba wa rangi ya kijivu vishimo vidogo vidogo, na kando ya vishimo hivyo alama za miguu ya wanyama. Watu wengi walikuwa wamepita juu ya mwamba ule miaka yote hiyo wakitafuta mifupa, bila kuitambua hata alama moja.

Hapa msomaji ataka kujua kwa nini nyayo ziwafurahishe watu ambao tayari walikuwa na mifupa tele. Jibu ni kwamba mfupa na unyayo hutoa ushahidi wa namna mbili. Mfupa husafiri. Fisi huuchukua akaupeleka pangoni. Mto wa mafuriko huuokota mahali pamoja ukautupa mahali pengine mbali sana. Katika shimo moja huweza kukusanyika mifupa ya wanyama ambao hawakuonana kamwe, mmoja akiwa amekufa miaka elfu kabla ya mwenzake. Mtu akiitazama mifupa hiyo na kusema, "Wanyama hawa waliishi hapa pamoja," huenda akakosa. Lakini unyayo hauchukuliki. Uko palepale ulipokanyagwa. Tena mfupa ni wa mnyama aliyekufa, na unyayo ni wa mnyama aliye hai: alikuwa akienda mahali fulani, kwa mwendo fulani, juu ya ardhi iliyokuwa kavu au yenye matope. Nyayo mbili zilizo katika tabaka moja jembamba zilikanyagwa siku moja, au katika siku chache zilizofuatana. Kwa ajili hiyo, mtu atakaye kuijua nchi ilivyokuwa zamani hupata katika nyayo kitu ambacho mifupa haimpi.

Basi yafaa kueleza jinsi nyayo hizo zilivyogeuka jiwe. Mashariki ya Laetoli ipo milima mingi ya volkano, yaani milima iliyotoa moto zamani. Mmoja wao, yaani mlima uliotapika majivu ya Laetoli, haukumwaga mto wa moto uteketezao kila kitu. Ulitoa majivu laini, yakapeperushwa na upepo, yakaanguka polepole juu ya nchi kama unga unaopepetwa, tabaka jembamba leo na tabaka jingine kesho. Wachunguzi wa kwanza waliutaja mlima Sadiman, ulio kama kilomita 20 kutoka hapo. Wengine waliokuja nyuma yao wameyapima mawe ya Sadiman, nao wanashuku kama kweli ndio uliotoa majivu hayo. Shauri hilo halijaisha. Lakini habari ya majivu yenyewe haina shaka.

Majivu hayo hayakuwa kama majivu ya jikoni. Yalikuwa na vitu vya namna ya chokaa na magadi. Mpaka leo katika nchi hiyohiyo uko mlima Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu, nao hutoa vitu vya namna hiyo. Mwaka 2007 ulitapika majivu mengi. Majivu ya jinsi hiyo yakinyeshewa mvua kidogo hulowa yakawa kama chokaa ya mwashi, na jua likiyapiga hukauka yakawa magumu. Mnyama akipita wakati majivu yangali mabichi, mguu wake huacha alama safi. Jua huikausha alama. Kisha mlima hutapika tena, majivu mapya hushuka taratibu na kuijaza alama ile bila kuivunja, na juu yake mnyama mwingine hupita.

Mambo hayo hayana budi kufuatana barabara. Kama mvua isingalinyesha, majivu yangalibaki vumbi, nayo nyayo zingalitoweka kwa upepo. Kama ingalinyesha mvua kubwa ya masika, majivu yangalichukuliwa na maji yakaishia mtoni. Yalihitaji manyunyu, kisha jua, kisha majivu tena. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tabaka lote la majivu yenye nyayo lina unene wa sentimita 15 hivi, yaani halifiki shibiri, nalo ndani yake limegawanyika kuwa matabaka madogo mengi. Wataalamu wakadhani ya kuwa kazi hiyo yote ilitimia katika majuma machache tu. Ile shibiri isiyotimia ya mwamba basi ni majuma machache ya maisha ya nchi moja, yaliyofungwa na kuwekwa.

Na vile vishimo vidogo alivyoviona Andrew Hill ni nini? Ni alama za matone ya mvua. Ndizo zilizowawezesha watu kujua hata majira ya mwaka. Katika sehemu ya chini ya mwamba huo alama za matone ni chache chache, za mvua nyepesi iliyoanguka ikakoma. Alama za majani mabichi ya ardhini hazionekani, kana kwamba nyasi zilikuwa zimekwisha kuliwa. Mtu yeyote wa nchi kavu aijua hali hiyo: ni mwisho wa kiangazi, mawingu yanapokusanyika na kutawanyika, na manyunyu ya kwanza huinua harufu ya vumbi. Katika sehemu ya juu hali yageuka. Hapo majivu yameoshwa na mvua kubwa zaidi, na mahali pengine maji yamechimba vijito. Majira ya mvua yameanza.

Nyayo zapatana na habari hiyo. Katika sehemu ya chini wamo zaidi wanyama wadogo wasiohama, ambao hukaa kwao kiangazi na masika. Sungura ni wengi kupita kiasi. Digidigi nao ni wengi. Kanga wamepita huku na huku wakiacha alama za vidole vitatu. Katika sehemu ya juu waja wanyama wakubwa wa makundi, swala wa namna nyingi na wengineo, kama ambavyo hata leo nyumbu na punda milia wa Serengeti huhamia nyanda za majani mafupi mvua zinapoanza kunyesha. Yaonekana basi kwamba desturi ya wanyama kuhama kwa kufuata mvua si jambo la juzi.

Orodha ya waliopita Laetoli ni ndefu. Nyayo zimepatikana mahali zaidi ya 10, nazo ni maelfu. Wamo ndovu, faru, twiga, nyati, fisi, nyani, na wanyama wa jamii ya paka. Wengine wangetambuliwa mara moja na mwindaji wa leo. Wengine wangemshangaza, kwa kuwa wamekwisha duniani. Mifupa ya huko yaonyesha kwamba aliishi mnyama mmoja wa ukoo wa ndovu, aitwaye Deinotherium, ambaye pembe zake hazikutoka taya la juu, bali zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini.

Lakini mwenye kusoma nyayo vizuri huuliza pia ni nani asiyekuwapo. Katika Laetoli hakuna kiboko. Hakuna mamba. Hakuna samaki katika mifupa yake. Kwa hiyo hapakuwa na ziwa wala mto mkubwa wa kudumu karibu na hapo, na wanyama walikunywa katika madimbwi na vijito vya msimu. Ukimya huo wa kiboko unaeleza habari za nchi sawasawa na kelele za sungura wote wale.

Je, nchi ilikuwa uwanda mtupu wa nyasi, kama Serengeti ya leo? Kwanza watu wengi walidhani hivyo, na dhana hiyo iliwapendeza, kwa sababu waliizoea picha ya mbuga waliyokuwa wakiiona mbele yao. Baadaye waliirudia hesabu. Digidigi hapendi uwanja wazi. Huishi penye vichaka ambamo aweza kujificha. Kanga hulala juu ya miti. Twiga hula majani ya miti. Katika mifupa ya Laetoli kuna wanyama wa jamii ya mbega, tena kuna komba, naye komba asipokuwa na mti hana maisha. Makoa ya konokono wa nchi kavu na chavua ya mimea iliyohifadhiwa katika mawe vimechunguzwa, na meno ya wanyama yamepimwa ili kujua kama walikula nyasi au majani ya miti. Vyote pamoja vyaonyesha nchi yenye mchanganyiko: hapa nyasi, pale vichaka, kwingine miti iliyosimama pamoja. Somo la digidigi na komba ni kwamba mnyama mdogo mara nyingi huieleza nchi vizuri kuliko ndovu. Ndovu huenda kila mahali. Komba haendi ila penye miti.

Miongoni mwa nyayo zote za wanyama, zile za Hipparion zastahili kutazamwa kwa kituo. Hipparion alikuwa mnyama wa ukoo wa farasi na punda, lakini kila mguu wake ulikuwa na vidole vitatu. Kidole cha katikati kilikuwa kikubwa chenye kwato, nacho ndicho kilichochukua uzito. Vile viwili vya kando vilikuwa vidogo. Katika mwamba wa Laetoli yaonekana njia ya mkubwa na ya mtoto wake. Mkubwa anaenda mbele kwa mwendo mmoja. Nyayo ndogo zakatiza njia yake, zikienda upande huu kisha upande ule, kama wafanyavyo watoto wa wanyama wote wanapofuatana na mama zao. Mwaka 1984 mchunguzi mmoja, Elise Renders, alichapisha habari za mwendo wa Hipparion hao. Alipima nafasi kati ya kwato na kwato, na jinsi mguu wa nyuma ulivyoupita ule wa mbele, akaona ya kuwa hawakutembea kwa kawaida wala hawakukimbia kwa kuruka. Walikwenda kwa mwendo wa haraka ulio kati ya hayo mawili, ambao farasi wengine wa kupandwa huujua mpaka leo. Hapana mfupa ungaliweza kutuambia hivyo.

Mtu aweza kuuliza: mwendo unapimwaje, na mnyama hayupo? Mwanafunzi aweza kujaribu mwenyewe, baada ya mvua, mahali penye tope laini lililoanza kukauka. Na atembee polepole hatua kumi, kisha hatua kumi kwa haraka, kisha akimbie. Akirudi kupima kwa kamba, ataona kwamba nafasi kati ya nyayo zimezidi kila mara alipozidisha mwendo, ingawa miguu yake haikurefuka. Ataona tena kwamba alipokimbia, vidole vilizama sana na kisigino kikagusa kidogo. Na kama mwenzake mrefu akipita hapo, urefu wa hatua peke yake hautatosha kumhukumu. Budi upimwe pamoja na ukubwa wa unyayo, kwa maana unyayo wa mtu hukaribia sehemu moja ya saba ya urefu wake. Wataalamu wanatumia hesabu iliyo ngumu zaidi, lakini shina lake ni hilo.

Katika Laetoli wamo pia viumbe waliokwenda kwa miguu miwili. Njia yao ya kwanza iliyokubaliwa na wote iligunduliwa mwaka 1978, nayo ina nyayo kama 70 katika mwendo wa mita 27 hivi. Mmoja alikuwa mdogo, na kando yake alikwenda mwingine mkubwa. Wa tatu alikanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa. Mwamba huohuo wachukua njia ya Hipparion na ya viumbe hao, ikakatizana. Habari zao zimeandikwa mahali pengi, na hapa yatosha kusema kwamba mguu wao ulikuna kisigino kwanza, kisha uzito ukapita hata dole gumba, karibu kama wetu. Na kwamba walikwenda hivyo muda mrefu kabla ya vyombo vya mawe vya zamani kabisa vilivyokwisha kuonekana, ambavyo umri wake ni miaka 3,300,000.

Lakini kuna njia nyingine ya miguu miwili ambayo historia yake yafundisha jambo kuhusu kusoma nyayo. Mwaka 1976, kabla ya ile njia mashuhuri kupatikana, watu waliona mahali pengine nyayo tano zilizofuatana. Zilikuwa fupi na pana, na mwendo wake ulikuwa wa ajabu: mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine, kama mtu apitaye juu ya gogo. Wengine wakasema labda ni dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Maneno hayo yakashika, nazo nyayo zikaachwa, zikafunikwa na udongo wa mvua, zikasahauliwa miaka zaidi ya 40.

Mwaka 2019 zilichimbwa tena. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Charles Musiba, mzaliwa wa Tanzania. Waliona kwamba udongo uliozifunika ulikuwa umezilinda. Wakazisafisha vizuri kuliko zilivyosafishwa mwanzoni, wakazipima, kisha wakafanya jambo ambalo lingalifaa kufanywa tangu awali: wakaenda kuwatazama dubu walio hai katika Marekani. Waliona ya kuwa dubu husimama na kutembea kwa miguu miwili mara chache mno, naye akitembea hivyo hupepesuka huku miguu ikiwa mbalimbali. Hawezi kuivusha mmoja mbele ya mwingine. Tena katika mifupa yote ya wanyama iliyookotwa Laetoli, hakuna hata mmoja wa dubu. Mwaka 2021 walitangaza kwamba nyayo zile tano si za dubu, bali ni za kiumbe wa ukoo wa watu, asiyekuwa sawa na wale wa ile njia ya mwaka 1978. Kama ni hivyo, basi katika nchi ileile, chini ya majivu yaleyale, walipita viumbe wawili tofauti wenye kusimama wima. Wako wataalamu ambao hawajaridhika, nao wanangoja nyayo zaidi.

Ili kuona jinsi nyayo zinavyoweza kueleza nchi ya namna nyingine kabisa, yafaa kuvuka mpaka na kufika kaskazini ya Kenya, ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Huko nako ziko nyayo za zamani, ingawa si za zamani kama hizo; umri wake ni karibu miaka 1,500,000. Hazikuhifadhiwa na majivu ya kuanguka kutoka mawinguni. Zilikanyagwa katika tope laini la ukingo wa ziwa, kisha maji yakaleta mchanga mwembamba na kuzijaza. Leo mahali hapo ni pakavu sana, pa upepo na mawe. Lakini nyayo zasema habari za maji. Mwaka 1978, mwaka uleule wa Laetoli, mchunguzi Kay Behrensmeyer alikuwa akichunguza huko alama za viboko, na katika tabaka hilohilo zikaonekana nyayo za kiumbe wa miguu miwili. Baadhi ya alama za viboko wa nchi hiyo hazikuwa nyayo kamili, bali mikwaruzo ya vidole tu. Mnyama mwenye uzito ule angekanyaga nchi kavu, mguu wake ungezama wote. Alama ya kukwaruza yaonyesha kwamba maji yalikuwa yakimwinua. Alielea, akajisukuma kwa ncha za vidole chini ya ziwa. Kwa kuujua urefu wa miguu ya kiboko, mtu aweza kukisia hata kina cha maji yaliyokuwa hapo siku ile, mahali ambapo sasa mbuzi hutafuta tone la maji.

Linalobaki ni habari ya kuzitunza. Unyayo uliokaa salama miaka mamilioni chini ya ardhi huanza kulika siku ile unapofunuliwa. Mvua huudondoa, jua huupasua, kwato za mifugo huuvunja, na mizizi ya miti hupenya katika nyufa zake. Jambo hilo lilionekana wazi katika ile njia ya viumbe wa miguu miwili. Walipomaliza kuipima mwaka 1979, waliifunika kwa mchanga na udongo ili ikae salama. Nia yao ilikuwa njema. Lakini ndani ya udongo huo zilikuwamo mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, mizizi ikashuka kuelekea nyayo.

Basi katika miaka ya 1995 na 1996 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Marekani walirudi kutengeneza. Waliikata miti, wakaua mizizi yake, wakaifunua njia, wakaipiga picha na kuipima upya. Kisha wakafanya jambo ambalo limewaudhi wageni wengi waliokuja kutoka mbali kwa kusudi la kutazama: wakaifunika tena. Safari hii walitumia mchanga uliochekechwa ili usiwe na mbegu, na vitambaa maalum vya kuzuia mizizi, na juu kabisa wakapanga mawe. Wamaasai wa hapo walishirikishwa, na kiongozi wao wa dini akafanya ibada ili watu wa nchi wapaheshimu mahali hapo. Atakaye kuziona nyayo hupelekwa Olduvai, katika jumba la makumbusho, akaonyeshwa mfano wake uliotengenezwa kwa kumwaga umajimaji unaoganda ndani ya kalibu. Wako wasemao kwamba ni hasara kuficha kitu kizuri namna hiyo. Lakini mfano ukivunjika, mwingine utatengenezwa, na mwamba ukilika haupatikani mwingine.

Wala haikuwa mwisho. Watu waliposhauriana kujenga makumbusho palepale Laetoli, iliwapasa kwanza kuchimba mashimo ya majaribio ili wajue kama msingi hautaharibu kitu. Ndipo mwaka 2015, mita 150 tu kutoka njia ya mwaka 1978, mashimo hayo yakatoa nyayo nyingine za viumbe wawili wa miguu miwili, na pamoja nazo nyayo za wanyama na alama za matone ya mvua. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa miongoni mwa waliozifunua. Mmoja wa viumbe hao alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko wote waliokwisha kujulikana hapo.

Mashimo yale yalikuwa machache na madogo. Tabaka la majivu laendelea chini ya nyasi na vichaka pande zote, mahali pengine mita moja au mbili chini ya miguu, na ng'ombe wa Wamaasai hupita juu yake asubuhi wakienda malishoni, wakirudi jioni.